Kutoka msiba hadi fungu la bajeti: familia za wagonjwa wa ubongo mbele ya wabunge

Ugonjwa wa Creutzfeldt-Jakob, ambao kwa kifupi huitwa CJD, humpata mtu mmoja au wawili katika kila watu milioni moja kwa mwaka. Mtu ambaye wiki chache zilizopita alikuwa akienda kazini na kujipikia huanza kupotea njia anayoijua, hatua zake huyumba, misuli hushtuka yenyewe, maneno humtoka vibaya na hatimaye hayamtoki kabisa. Chanzo chake ni protini za ubongoni ziitwazo prioni, ambazo hujikunja vibaya na kuzilazimisha protini nyingine zijikunje vilevile, na hadi leo hakuna dawa ya kuuponya. Wagonjwa walio wengi hufariki kabla ya mwaka kwisha, wengine ndani ya miezi michache tu. Marekani, nchi yenye watu zaidi ya milioni 330, hupata wagonjwa wapya wapatao 500 au 600 kwa mwaka.

Kisiasa, ugonjwa wa namna hii huzaliwa yatima. Mwenye kisukari huweza kuishi miaka mingi, akajiunga na chama cha wagonjwa, akaandika barua na kupiga kura. Mwenye CJD hana muda huo, na hata angekuwa nao, kiungo ambacho angekitumia kujitetea ndicho kinachoharibika. Wanaobaki ni mjane, mtoto au dada, ambao aghalabu hawakuwahi kulisikia jina la ugonjwa huo hadi siku daktari alipolitamka, na ambao baada ya mazishi hawalazimiki tena kuufuatilia. Hata hivyo kila mwaka familia kama hizo husafiri hadi Washington kuonana na wawakilishi na maseneta, zikiandaliwa na wakfu ambao familia zenyewe ziliuanzisha mwaka 1993. Familia za wagonjwa wa Huntington, ugonjwa mwingine wa ubongo, zilitangulia kufanya hivyo, na za wagonjwa wa ALS, ugonjwa wa neva zinazoendesha misuli, zimefuata kwa kishindo.

Anayezitazama ziara hizi kwa mbali hudhani kwamba mbunge huguswa na simulizi, kisha fedha hutoka. Mambo hayaendi hivyo. Bunge halitoi fedha kwa ugonjwa, wala halitoi fedha kwa huzuni. Hutoa fedha kwa fungu lenye jina, lenye taasisi ya kulipokea na lenye mtu atakayeulizwa mwisho wa mwaka zilitumikaje. Familia zilizofanikiwa ni zile zilizojifunza kuugeuza msiba wao kuwa ombi dogo linaloweza kuandikwa katika mstari mmoja wa bajeti. Zile zilizoomba "serikali ifanye jambo" zilisikilizwa kwa heshima zote, zikapigwa picha na mheshimiwa, zikarudi nyumbani.

Ili kuelewa kwa nini iko hivyo, ni lazima kwanza kutenganisha vitu viwili ambavyo hata magazeti huvichanganya. Katika Bunge la Marekani, yaani Kongresi yenye wawakilishi 435 na maseneta 100, kuna sheria zinazoidhinisha jambo na kuna sheria zinazotoa fedha. Sheria ya kwanza husema kwamba shughuli fulani inaruhusiwa na kwamba inaweza kutumia hadi kiasi fulani kwa mwaka. Ya pili, ambayo hupitishwa upya kila mwaka, ndiyo inayofungua hazina. Aliyewahi kukusanya michango ya harusi anaijua tofauti hii bila kufundishwa: kuna jina lililoandikwa kwenye orodha ya ahadi, na kuna fedha taslimu mkononi mwa mweka hazina, na kamati haipiki pilau kwa ahadi. Mara nyingi familia husherehekea kupita kwa sheria ya kuidhinisha, kumbe nusu ya kazi, pengine iliyo ngumu zaidi, bado haijaanza.

Sheria za kutoa fedha ziko 12, na inayohusu afya hujumuisha pia kazi na elimu, ikishughulikiwa na kamati ndogo katika kila moja ya mabaraza mawili. Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Oktoba. Miezi kadhaa kabla ya hapo kila mbunge huwasilisha kwenye kamati hizo orodha ya mambo anayoomba yatengewe fedha, na orodha hiyo ina tarehe ya mwisho. Familia inayofika ofisini baada ya tarehe hiyo huweza kulia pamoja na mbunge mwenyewe, lakini ombi lake litangoja mwaka mwingine. Tena mara nyingi bajeti hucheleweshwa na mivutano ya kisiasa, na serikali huendeshwa kwa sheria ya muda inayoendeleza viwango vya mwaka uliopita, jambo linalomaanisha kwamba fungu jipya halizaliwi na fungu la zamani halikui.

Kuna ugumu mwingine usioonekana. Sehemu kubwa ya fedha za utafiti wa tiba nchini humo hupitia Taasisi za Taifa za Afya, NIH, zenye bajeti ya zaidi ya dola bilioni 40 kwa mwaka. Huko maombi ya watafiti hupimwa na jopo la wanasayansi wenzao, na kwa desturi wabunge hukwepa kuamuru kwamba dola kadhaa zitumike kwa ugonjwa fulani. Desturi hiyo ina busara yake, kwa sababu bila hiyo utafiti ungefuata ugonjwa wenye watetezi wenye sauti badala ya kufuata swali linalojibika. Lakini kwa familia ya ugonjwa wa watu 500 ina maana kwamba mlango ulio mkubwa kuliko yote si mlango wao wa kuingilia. Kwenye NIH huweza kuomba kitu chepesi zaidi, yaani sentensi moja katika ripoti inayoambatana na bajeti, ambamo kamati "inahimiza" taasisi ilitazame jambo fulani na ilete taarifa. Sentensi hiyo haina nguvu ya sheria. Hata hivyo taasisi inayojua kwamba mwakani itarudi mbele ya kamati hiyohiyo huwa haiipuuzi.

Familia za CJD zilipata mlango mwingine, nao unastahili kuelezwa kwa kirefu kwa sababu ndio mfano bora ninaoujua wa ombi lililopimwa likatosha. Kituo cha Kudhibiti na Kuzuia Magonjwa cha Marekani, CDC, tofauti na NIH, kina mafungu madogo madogo yenye majina ya magonjwa. Moja ya mafungu hayo ni la magonjwa ya prioni. Ni dola milioni chache tu, kiasi ambacho katika bajeti ya taifa hilo hakionekani kwa macho, na sehemu yake muhimu huenda kwenye kituo kilichoanzishwa mwaka 1997 katika Chuo Kikuu cha Case Western Reserve mjini Cleveland, Ohio. Kazi ya kituo hicho ni kupokea ubongo wa marehemu, maji ya uti wa mgongo na damu kutoka kila jimbo, kuthibitisha kama kweli ni ugonjwa wa prioni, na kusema ni wa aina gani.

Kwa nini kuchunguza ubongo wa mtu aliyekwisha kufa, wakati fedha hizo zingeweza kutafuta dawa? Swali hili huulizwa na kila msaidizi wa mbunge anayekutana na familia hizi kwa mara ya kwanza, na jibu lake liko Uingereza. Mwaka 1990 nchi hiyo ilianzisha mjini Edinburgh kitengo cha kufuatilia wagonjwa wa CJD, kwa hofu kwamba ugonjwa wa kichaa cha ng'ombe uliokuwa umesambaa mashambani ungeweza kuingia kwa watu. Mwaka 1996 kitengo hicho kilitambua wagonjwa kumi walio vijana kuliko ilivyo kawaida, ambao ubongo wao ulikuwa na madoa ya namna isiyokuwa imeonekana kabla, na tarehe 20 Machi mwaka huo serikali ikalitangazia Bunge kwamba huenda walipata ugonjwa huo kutokana na ng'ombe. Wagonjwa kumi katika nchi yenye watu karibu milioni 60 ni idadi ambayo ingepotea kabisa kama kusingekuwa na mtu aliyeajiriwa kuhesabu. Watu 178 walikuja kufariki Uingereza kwa aina hiyo ya ugonjwa.

Kwa hiyo familia za Marekani hazimwambii mbunge "tuonee huruma" peke yake. Humwambia kwamba CJD nyingi hutokea bila sababu inayojulikana, kwamba sehemu kama ya 10 hadi 15 kwa mia hurithiwa, na kwamba njia pekee ya kujua kama imeingia aina nyingine kutoka kwa mnyama ni kuufungua ubongo na kuutazama. Kisha hutaja kulungu. Paa na kulungu wa Marekani Kaskazini wana ugonjwa wao wa prioni, uliotambuliwa kwanza Colorado katika miaka ya 1960 na ambao umesambaa katika majimbo mengi, na maelfu ya wawindaji hula nyama yao kila msimu. Hakuna mtu aliyethibitishwa kuupata kutokana na kulungu, lakini ni kituo cha Cleveland ambacho kingeweza kugundua kama jambo hilo lingetokea. Mwakilishi wa jimbo la wawindaji, ambaye pengine hana mpiga kura hata mmoja mwenye CJD anayemfahamu, hukaa sawa kitini anaposikia habari za kulungu.

Nimesoma na kusikia watu wakilaumu mbinu hii, wakisema inauza hofu badala ya utu. Mimi siioni hivyo. Familia hazijabuni hatari isiyokuwepo; zimeonyesha tu kwamba kile zinachokihitaji zenyewe, yaani jibu la hakika juu ya kilichomuua mpendwa wao, ndicho hichohicho ambacho taifa linakihitaji ili kujilinda. Na jibu hilo la hakika si jambo dogo kwao. Kama ugonjwa ulikuwa wa kurithi, kila mtoto wa marehemu ana uwezekano wa nusu kwa nusu wa kuwa na jeni inayouleta. Uamuzi wa kuruhusu uchunguzi wa maiti lazima ufanywe mapema, pengine mgonjwa akiwa bado anapumua, kwa sababu mwili haungoji; inabidi apatikane mtaalamu aliye tayari kuufungua, maana wapo wanaouogopa ugonjwa huu, na inabidi mwili usafirishwe huko na kurudishwa. Kituo cha Cleveland hugharimia shughuli hiyo na kuipanga, ili mjane asipokee ankara pamoja na rambirambi. Hicho ndicho kinachonunuliwa na zile dola milioni chache. Zikifutwa, familia inayofuata haitajua.

Mkutano wenyewe huwa mfupi. Hufanyika katika majengo ya ofisi yanayozunguka jengo la Bunge, mara nyingi si na mbunge bali na msaidizi wake wa masuala ya afya, kijana aliyekwishaonana asubuhi hiyo na watu wa saratani, watu wa meno na watu wa hospitali za vijijini. Familia hupewa dakika chache. Wanaoongoza ziara hizi huwafundisha wenzao waanze kwa kutaja wanakoishi, kwa sababu msaidizi lazima ajue kwamba anazungumza na wapiga kura wa bosi wake. Kisha waseme habari ya mgonjwa wao kwa ufupi, wakiwa na picha iliyopigwa kabla ya ugonjwa. Kisha waweke mezani karatasi moja iliyoandikwa jina la fungu, kiasi kilichopo na kiasi kinachoombwa. Swali ambalo msaidizi lazima alijibu baadaye kwa bosi wake ni moja tu: wanaomba nini? Kwa baba aliyemzika mkewe miezi mitatu iliyopita, kuufupisha ugonjwa wake katika dakika tatu ili zibaki dakika za kusema "fungu la prioni la CDC" ni kazi ngumu kuliko inavyosikika, na wapo wanaoshindwa, na wenzao humalizia.

Njia hii haikubuniwa na watu wa CJD. Mwanamuziki Woody Guthrie alipofariki Oktoba 1967 kwa ugonjwa wa Huntington, Marjorie Guthrie, mcheza dansi aliyewahi kuwa mkewe na mama wa baadhi ya watoto wake, alianzisha kamati ya kupambana na ugonjwa huo mwaka huohuo. Huntington huua seli za ubongo polepole kwa miaka mingi, humtingisha mgonjwa viungo asivyoweza kuvituliza, hubadili tabia na akili yake, na kila mtoto wa mgonjwa ana uwezekano wa nusu kwa nusu wa kuurithi. Enzi hizo familia nyingi ziliuficha kama fedheha ya ukoo. Mjini Los Angeles, mwanasaikolojia Milton Wexler naye alianzisha wakfu mwaka 1968, baada ya mama wa binti zake wawili kugunduliwa kuwa nao.

Pande hizi mbili zilitofautiana: Marjorie alitaka wagonjwa wahudumiwe na umma uelimishwe, Wexler alitaka wanasayansi wachimbe chanzo. Kilichowaunganisha mbele ya Kongresi kilikuwa ombi ambalo kwa mara ya kwanza kulisikia linaonekana la kukatisha tamaa: hawakuomba dawa, wala hospitali, bali tume. Katikati ya miaka ya 1970 Kongresi iliunda tume ya kuuchunguza ugonjwa wa Huntington na athari zake, Marjorie akawa mwenyekiti na Nancy Wexler, binti wa Milton, akawa mkurugenzi mtendaji. Tume ilizunguka nchi ikisikiliza ushahidi wa familia, watu waliokuwa hawajawahi kulitamka jina la ugonjwa wao nje ya nyumba, na mwaka 1977 ikatoa ripoti yake. Wengi wetu tumezoea kuona tume kuwa kabati la kufungia mambo. Hii ilikuwa tofauti kwa sababu iliyo wazi: walioiongoza ndio waliokuwa wakingoja matokeo yake katika damu zao, na mapendekezo yake yaliandikwa kama orodha ya vitu vya kugharimiwa.

Vitu hivyo viligharimiwa. Vituo vya utafiti vilianzishwa Baltimore na Boston. Mwaka 1979 Nancy Wexler alikwenda katika vijiji vya kando ya Ziwa Maracaibo, Venezuela, ambako daktari wa nchi hiyo, Américo Negrette, alikuwa ameuelezea ugonjwa huo tangu miaka ya 1950 na ambako koo kubwa zilikuwa na wagonjwa wengi kuliko mahali pengine popote. Kwa miaka mingi timu yake ilichora nasaba na kukusanya damu. Mwaka 1983 ilionekana alama iliyoonyesha kwamba jeni hiyo iko katika kromosomu ya 4, na mwaka 1993 jeni yenyewe ikapatikana. Kutoka kamati ya mama mmoja hadi jeni ni miaka 26, na ripoti ya Bunge iko katikati yake.

Simulizi hii husimuliwa mara nyingi kama ushindi mtupu, na hapo napenda kupunguza kasi. Jeni ilipatikana, kipimo kikawezekana, lakini zaidi ya miaka 30 baadaye familia bado zinangoja tiba ya kuuponya, na Nancy Wexler mwenyewe alitangaza mwaka 2020 kwamba naye ana ugonjwa huo. Watu wa vijiji vya Maracaibo, ambao damu yao ndiyo iliyofungua mlango, wamebaki katika umaskini mkubwa, mbali na Bunge lolote ambalo lingewaandikia fungu. Kodi ya Mmarekani ilimfikia mtafiti. Mpiga kura wa Barranquitas, mojawapo ya makazi hayo ya kando ya ziwa, hakuwa na seneta Washington.

Kuhusu ALS, ugonjwa unaoua seli za neva za ubongo na uti wa mgongo zinazoendesha misuli, yapo mambo mawili tu ninayotaka kuyataja. La kwanza ni kwamba watetezi wake walijua kutafuta milango ya pembeni. Tangu 1992, wanaharakati wa saratani ya matiti walipofanikiwa kupata fedha za utafiti ndani ya bajeti ya Wizara ya Ulinzi, imeeleweka kwamba bajeti ya jeshi ina nafasi ambazo bajeti ya afya haina. Kwa kuwa takwimu zimeonyesha kwamba wanajeshi wa zamani hupata ALS zaidi ya raia wengine, ugonjwa huo ukapata fungu katika utafiti wa jeshi, na tangu 2008 serikali huihesabu ALS yao kuwa imetokana na utumishi. Kisha Desemba 2020 ikaondolewa sharti lililomtaka mgonjwa wa ALS asubiri miezi mitano kabla ya kuanza kulipwa fao la ulemavu, jambo dogo kwa mwenye ugonjwa wa miaka 20 na kubwa mno kwa mtu ambaye kwa kawaida huishi miaka miwili hadi mitano tangu dalili zianze.

La pili ni gumu zaidi. Brian Wallach, aliyefanya kazi Ikulu wakati wa Rais Obama na kugunduliwa kuwa na ALS mwaka 2017, pamoja na mkewe Sandra Abrevaya, walianzisha harakati iliyosaidia kupitishwa kwa sheria iliyosainiwa na Rais Biden Desemba 2021. Sheria hiyo iliidhinisha dola milioni 100 kwa mwaka kwa miaka mitano, sehemu yake ikiwa ya kuwawezesha wagonjwa wasiokidhi masharti ya majaribio kupata dawa zinazojaribiwa. Neno la kuangalia hapo ni "iliidhinisha". Fedha zenyewe zilibaki za kuombwa kila mwaka. Wakati huohuo familia ziliishinikiza mamlaka ya dawa iharakishe kuidhinisha dawa iliyoitwa Relyvrio. Machi 2022 jopo la washauri liliikataa kwa kura 6 dhidi ya 4. Septemba, baada ya wagonjwa wengi kutoa ushahidi na mtengenezaji kudokeza kwamba angeiondoa sokoni kama jaribio kubwa lingeshindwa, jopo liliikubali kwa kura 7 dhidi ya 2, na dawa ikaidhinishwa. Bei yake ilitangazwa kuwa dola 158,000 kwa mwaka. Machi 2024 jaribio kubwa lilionyesha kwamba haikusaidia kuliko dawa bandia, na mwezi uliofuata mtengenezaji akatimiza ahadi, akaiondoa.

Familia hazikukosa kuomba. Mtu anayekufa ana haki ya kuomba. Lakini hapo unaonekana mpaka wa utetezi: Bunge linaweza kuamua fedha ziende wapi, haliwezi kuamua dawa ifanye kazi. Fungu la kuhesabu wagonjwa, kuhifadhi ubongo, kulipia daktari wa majaribio au kumpa mgonjwa fao lake ni mambo ambayo mheshimiwa anaweza kuyatimiza kwa kura. Tiba si moja ya mambo hayo, na mwanasiasa anayeiahidi anaahidi mali isiyo yake.

Wasomaji wa Afrika Mashariki hawahitaji kwenda Washington kuutafuta mfano. Katika miaka ya 1960 daktari Louise Jilek-Aall, aliyekuwa akiwatibu wagonjwa wa kifafa Mahenge, wilayani Ulanga, mkoani Morogoro, alieleza watoto ambao vichwa vyao vilianguka mbele tena na tena kama wanaosinzia. Miongo kadhaa baadaye hali hiyohiyo, ambayo kwa Kiingereza huitwa nodding syndrome, ilionekana kwa maelfu ya watoto wa Sudan Kusini na Uganda kaskazini, katika wilaya za Kitgum, Pader na Lamwo, hasa wenye umri wa kati ya miaka 5 na 15. Mama humwekea mtoto sahani ya chakula alichokizoea, mtoto anapeleka mkono, na kichwa kinaanza kudondoka, mara kumi na zaidi kwa dakika, chakula kikiwa mbele yake hakijaliwa. Baadaye hufuata kifafa kamili, akili kudumaa, kuungua motoni, kuzama mtoni. Wapo wazazi waliolazimika kuwafunga kamba watoto wao walipokwenda shamba, si kwa ukatili bali kwa sababu hapakuwa na mtu wa kubaki naye.

Mwanzoni mwa 2012, Beatrice Anywar, aliyekuwa mbunge wa Kitgum, aliwasafirisha baadhi ya watoto hao hadi Hospitali ya Mulago mjini Kampala, zaidi ya kilomita 400 kutoka kwao, ili walioshika fedha wawaone kwa macho. Hiyo si mbinu ya karatasi moja mezani. Lakini ilifanya kazi ambayo barua hazikuwa zimeifanya: mwaka huohuo Wizara ya Afya ilifungua vituo vya matibabu katika wilaya hizo, dawa za kifafa zikaanza kupelekwa, dawa za usubi, yaani ugonjwa wa minyoo unaoweza kupofusha macho, zikagawiwa mara mbili kwa mwaka na mito ikapuliziwa dawa ya kuua viluwiluwi vya nzi weusi. Uhusiano wa ugonjwa huo na usubi, ambao huenezwa na nzi hao wa mito iendayo kasi, umezidi kukubalika na watafiti, ingawa namna hasa minyoo hiyo inavyouharibu ubongo bado inabishaniwa. Wagonjwa wapya Uganda wakakoma karibu kabisa katika miaka iliyofuata. Wale waliokwisha kuugua, sasa wakiwa watu wazima, wamebaki na mahitaji ya kila siku ambayo hayana kamera, na fedha za dharura zina tabia ya kuja na waandishi wa habari na kuondoka nao.

Ni hapo ambapo tofauti ya mabunge yetu na lile la Marekani lazima ieleweke, kwa sababu kunakili mbinu bila kujua sheria ni kujichosha. Seneta wa Marekani anaweza kuongeza fedha katika fungu ambalo Rais hakuliomba. Mbunge wa Tanzania hawezi: Ibara ya 99 ya Katiba inalizuia Bunge kushughulikia mambo yanayoongeza matumizi ya serikali isipokuwa yameletwa na Rais kupitia kwa Waziri. Kwa hiyo kumwomba mbunge wa Ulanga "atutengee fedha" ni kumwomba asicho nacho. Alicho nacho ni swali kwa Waziri, mchango katika kamati inayohusika na afya, na ile silaha ya jioni ya kupitisha vifungu, anaposimama na kusema kwamba asipopata majibu ya kuridhisha atashika shilingi ya mshahara wa Waziri. Shilingi hiyo haimfukarishi mtu, lakini majibu anayoyatoa Waziri ili aachiwe huandikwa katika taarifa rasmi za Bunge, na mwaka unaofuata huweza kusomwa tena mbele yake. Kenya njia ni pana kidogo, kwa kuwa Kifungu cha 119 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya kuwasilisha ombi bungeni, na Kifungu cha 118 kinalilazimu Bunge lishirikishe umma katika kazi zake, bajeti ikiwemo.

Na mengi ya yale ambayo familia ya Mahenge ingeyataka, kama vile dawa ya kifafa isikosekane zahanati, ugawaji wa dawa za usubi usirukwe, na kuwe na daftari moja la wagonjwa linalojulikana liko kwa nani, hayaanzii Dodoma kabisa. Huandikwa kwanza katika Mpango Kabambe wa Afya wa Halmashauri, na wanaopaswa kuonwa na karatasi yenye ombi na kiasi chake ni diwani na Mganga Mkuu wa Wilaya, miezi kadhaa kabla ya wabunge kuanza kikao cha bajeti mwezi Aprili.